Mafunzo ya Afya ya Akili kwa Wafanyakazi wa Maduka: Mwongozo Kamili kwa Wenye Maduka na Wasimamizi wa Moshi na Arusha

Ni saa mbili kasorobo usiku, katika duka la jumla lililo karibu na Soko la Mbuyuni mjini Moshi. Geti la chuma limeshushwa nusu, na keshia anahesabu fedha za droo kwa mara ya tatu. Karatasi ya mauzo inaonyesha shilingi 1,846,500, lakini mkononi ana 1,809,500. Msimamizi amesimama nyuma yake akipigapiga funguo kwenye kiganja, hasemi neno. Keshia anajua kwamba shilingi 37,000 zitakatwa kwenye mshahara wake, anajua pia kwamba daladala za Kiboriloni zinazidi kupungua kadiri usiku unavyoingia, na mikono yake imeanza kutetemeka kiasi kwamba hesabu ya nne itakuwa mbovu kuliko ya tatu.

Mtu akiniuliza mafunzo ya afya ya akili kwa wafanyakazi wa maduka yaanzie wapi, humjibu kwamba yaanzie hapo, kwenye droo. Nimesimamia wafanyakazi wa maduka kwa miaka mingi, na mafunzo ya kwanza niliyoyaandaa yalikuwa hasara tupu. Tulikodi ukumbi, tukamleta msemaji mzuri, akazungumza saa tatu kuhusu furaha na kujiamini, watu wakapiga makofi. Tulipotoka nje, dada mmoja wa kaunta akaniambia kwa upole, "Mafunzo mazuri, kaka, ila jana nimekatwa elfu arobaini ya shoti," yaani fedha iliyopungua kwenye droo. Tangu siku hiyo sijawahi kumwita mwezeshaji kabla ya kukagua kwanza namna duka linavyoendeshwa.

Utaratibu huo si wangu peke yangu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa afya ya akili kazini mwezi Septemba 2022, na mapendekezo yake yamepangwa hivyo hivyo: kwanza kupunguza madhara yanayotokana na kazi yenyewe, kisha kuwafundisha wasimamizi, ndipo kuwafundisha wafanyakazi. Kipindi hicho hicho, WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walikadiria kwamba sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na wasiwasi uliopitiliza hupoteza siku za kazi zipatazo bilioni 12 kila mwaka duniani, hasara inayokaribia dola trilioni 1. Tajiri asiyeguswa na machozi ya keshia huenda akaguswa na hesabu hiyo.

Hatua ya kwanza: sikiliza kwa wiki moja

Kabla ya kupanga somo lolote, jipe wiki moja ya kuuliza na kutazama. Kaa kaunta asubuhi moja, kaa tena jioni moja wakati wa kufunga, kisha zungumza na kila mfanyakazi peke yake kwa dakika kumi. Mwenye duka asiulize yeye mwenyewe, kwa kuwa atajibiwa "tuko vizuri tu, bosi" na mazungumzo yataishia hapo. Mtafute mtu anayeaminika ambaye hana mamlaka ya kumfukuza mtu kazi.

Usitegemee kusikia maneno ya kitabibu. Ni wachache watakaosema wana sonona. Watasema wamevurugwa, wana mawazo, hawana raha, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, usingizi haupatikani. Wengine wataeleza maumivu ya mgongo na tumbo ambayo yamezunguka zahanati mbili bila kuonekana chanzo. Yaandike maneno hayo kama yalivyosemwa, kwa sababu ndiyo utakayomkabidhi mwezeshaji ili asije akafundisha kwa lugha ya kitabu.

Ukitaka maoni ya siri kwa maandishi, kumbuka kwamba katika duka lenye watu sita kila mmoja anaujua mwandiko wa mwenzake. Chapa karatasi yenye maswali ya kuweka alama ya vema tu, wagawie wote kalamu za rangi moja, na karatasi zikusanywe kwenye boksi na mtu asiyefanya kazi hapo. Maswali matano yanatosha: ni saa ipi ya siku iliyo ngumu zaidi, ni mara ngapi kwa mwezi umetukanwa na mteja, umewahi kuja kazini ukiwa mgonjwa kwa kuogopa kukatwa, unapata usingizi wa kutosha, na ukipata shida kuna mtu hapa unayeweza kumwambia. Mara nyingi hilo la mwisho ndilo linaloonyesha hali halisi ya duka.

Hatua ya pili: rekebisha kinachorekebishika

Anza na shoti, kwa kuwa hakuna jambo linalowanyima usingizi watu wa kaunta kama hilo. Wasimamizi wengi huamini kwamba fedha ikipungua, keshia hulipa, basi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi hivyo. Makato ya kufidia hasara yanaruhusiwa pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo. Mwajiri anapaswa kumweleza kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa, na kumpa nafasi ya kutosha ya kupinga. Kiasi kinachodaiwa kisizidi hasara yenyewe, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kukata mshahara wote wa mwezi kwa sababu ya stoku iliyopotea katika duka ambalo watu wanne wanashika ufunguo ni kuvunja sheria, hata kama "ndivyo tulivyozoea".

Sheria ikishaeleweka, chunguza vyanzo vya shoti zenyewe. Katika maduka niliyoyafuatilia, nyingi zilitoka sehemu tatu: watu wawili kutumia droo moja, chenji iliyotolewa harakaharaka wakati foleni ni ndefu, na malipo ya simu ambayo mteja alionyesha ujumbe wa kughushi kumbe fedha haikuingia. Yote matatu yanatibika bila daktari. Kila keshia awe na droo yake na namba yake ya siri, fedha zihesabiwe na watu wawili wakati wa kukabidhiana zamu, chenji iandaliwe asubuhi kabla ya kufungua, na bidhaa isitoke mpaka muamala uonekane kwenye simu ya duka. Duka likifanya hivi kwa miezi miwili, nusu ya kazi ya mwezeshaji itakuwa imekwisha kabla hajafika.

Baada ya hapo, tazama saa za kazi. Sheria hiyo hiyo inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku bila kuhesabu muda wa ziada, muda wa ziada usizidi saa 50 katika wiki nne, na anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya saa nzima. Keshia anayekula wali akiwa amesimama, mkono mmoja ukiwa kwenye mashine ya risiti, hajapumzika. Weka viti nyuma ya kaunta. Sijawahi kuelewa kwa nini mtu anayepokea fedha alazimike kusimama kutwa nzima, na sijawahi kukutana na mteja aliyeacha kununua sukari kwa sababu muuzaji ameketi.

Kuna pia grupu la WhatsApp la kazi. Ujumbe wa saa nne usiku unaosema "kesho nitakuwa na neno na baadhi yenu" huwakesha watu wote kumi, hata wale wasiohusika. Wekeni saa ya mwisho ya kutuma ujumbe wa kazi, na ziwepo sababu chache tu za kuivunja.

Hatua ya tatu: chagua wakati na mwezeshaji

Wakati hauchaguliwi kwa kalenda ya ofisini. Mjini Moshi, kuanzia katikati ya Desemba watu wa Kilimanjaro wanaoishi mikoani hurudi nyumbani kwa Krismasi, maduka hufurika, na hakuna atakayesikiliza somo. Januari wateja hupungua, ada za shule zinadai, na wafanyakazi wengi wamebeba madeni, mengine ya ile mikopo ya kausha damu ambayo marejesho yake hukusanywa kila siku au kila wiki. Mimi hupendelea wiki ya pili ya Februari, na marudio yake yawe mwezi Novemba kabla msongamano haujaanza. Kwa Arusha, maduka yanayotegemea watalii yana nafasi wakati wa masika, Aprili na Mei, kabla msimu wa Juni haujafunguka. Epuka Jumapili asubuhi na Ijumaa mchana, na ukifanya mwezi wa Ramadhani usipange chai katikati ya kipindi. Muda wa mafunzo ulipwe kama muda wa kazi, kwa maana mtu aliyeitwa siku yake ya mapumziko bila malipo atakaa akiangalia saa.

Mwezeshaji awe na taaluma: muuguzi au daktari wa afya ya akili, mwanasaikolojia, au afisa ustawi wa jamii. Kwa Moshi, waandikie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi au Hospitali ya Kanda ya KCMC, na kwa Arusha, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, barua ikielekezwa kwa uongozi wa hospitali. Halmashauri nayo ina maafisa ustawi wa jamii. Mzungumzaji wa hamasa hafai kwa kazi hii, hata awe na wafuasi wengi kiasi gani. Mchungaji na sheikh wana nafasi kubwa katika kumfariji mtu, na wengi wetu tumesimama kwa sababu yao, ila wao hawachukui nafasi ya mtaalamu. Mwambie mwezeshaji mapema kwamba hutaki orodha ya magonjwa, na umpe yale maneno uliyoyaandika hatua ya kwanza.

Hatua ya nne: wafundishe wasimamizi kwanza

Kipindi hiki kichukue saa mbili na nusu, watu wasizidi wanane, na mwenye duka awepo, tena aketi kama mwanafunzi. Msimamizi ndiye anayeamua kama mfanyakazi atasema au atanyamaza, na mara nyingi huamua bila kujua, kwa sura anayoivaa saa mbili asubuhi.

Mafunzo ya msimamizi yana mambo mawili: kuona na kuuliza. Kuona maana yake ni kutambua badiliko. Mtu mchangamfu amekuwa kimya, mtu makini anakosea chenji mara kwa mara, kijana aliyekuwa akiwahi anachelewa kila Jumatatu na ananuka pombe. Pombe mkoani Kilimanjaro ni sehemu ya sherehe na mazungumzo, kwa hiyo msimamizi asihukumu glasi moja ya mbege, ila aangalie pale mtu anapoanza kunywa ili aweze kuja kazini, au anaposhindwa kuja kwa sababu amekunywa.

Kuuliza hufundishwa kwa igizo, wala si kwa maelezo. Wasimamizi wawili wakae mbele, mmoja awe keshia. Mfano tunaoutumia ni huu:

"Mwanangu, hebu tukae huku stoo kidogo."

"Nimekosea nini, baba?"

"Hujakosea. Wiki mbili hizi naona huli mchana, na juzi ulilia kule nyuma ukasema ni vumbi la unga. Sijakuita nikukaripie. Vipi hali yako?"

"Niko sawa tu."

"Haya, sikulazimishi. Ila Ijumaa nitakuuliza tena, maana hauko kama nilivyokuzoea."

Mwezeshaji asimamishe igizo hapo na kuwauliza wengine wameona nini. Msimamizi hakuuliza mbele ya wenzake. Alitaja vitu alivyoviona kwa macho yake, hakumbandika mtu ugonjwa. Alipojibiwa "niko sawa" hakuanza kuhubiri, na pia hakuondoka kabisa, bali aliacha mlango wazi kwa kutaja siku. Rudieni igizo mara tatu au nne, na mara moja lifanyike vibaya kwa makusudi, msimamizi akisema "kaza moyo", "wenzako wana shida kubwa kuliko zako", "wewe mwanaume bwana". Watu watacheka, kisha atatokea mmoja atakayekiri kwamba alimwambia mtu maneno hayo wiki iliyopita.

Msimamizi afundishwe pia mipaka yake. Yeye si tabibu, hatoi jina la ugonjwa, wala hahadithii alichoambiwa. Siri ikivuja mara moja, kazi yote imeharibika. Aambiwe vilevile kwamba msimamizi au mteja anayemtaka binti wa kaunta kimapenzi kwa shinikizo si suala la msongo wa mawazo bali ni unyanyasaji, na hushughulikiwa kwa nidhamu na sheria.

Hatua ya tano: vipindi viwili vya wafanyakazi

Vipindi viwe viwili vya dakika tisini, vikitenganishwa kwa wiki moja, na watu wagawanywe ili duka lisifungwe. Stoo iliyofagiliwa inatosha. Msimamizi asiwemo.

Kipindi cha kwanza kinahusu kujitambua. Mwezeshaji aeleze tofauti ya huzuni ya kawaida na sonona kwa kipimo kinachoeleweka: kukosa raha au kupoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi, hamu ya kula na nguvu za mwili kubadilika. Aeleze wasiwasi unaoibana pumzi, na aeleze kwamba hali hizi zina tiba ya mazungumzo na tiba ya dawa. Hapa swali la kurogwa litaibuka, na ni vizuri liibuke. Mwezeshaji mzuri habishani na imani ya mtu. Humwambia kwamba maombi na hospitali havigombani, aendelee na maombi, na kliniki pia asiikose.

Kipindi cha pili ni cha kazi yenyewe, na hiki ndicho watu hukikumbuka. Chukueni mteja mkali: mama amerudi na pasi iliyoungua, hana risiti, anapiga kelele mbele ya foleni. Mfanyakazi ajizoeze kushusha sauti yake badala ya kuipandisha, na kusema, "Pole sana mama, naelewa umeudhika. Naomba tusogee hapa pembeni nimwite msimamizi atusaidie." Asiseme "sasa mimi nifanyeje" wala "si mimi niliyekuuzia". Akitukanwa, aruhusiwe kutoka kaunta kwa dakika kumi, anywe maji, mwenzake ashike nafasi, bila mtu kumdai maelezo. Msemo wa "mteja ni mfalme" umebandikwa ukutani katika maduka mengi, na sina ugomvi nao, mradi msimamizi asiutumie kumnyamazisha mfanyakazi aliyetukaniwa mama yake.

Halafu zungumzieni tukio kubwa, kama vile uvamizi wa majambazi au moto. WHO ilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wenye mambo matatu rahisi: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Tazama nani ameumia na nani ameganda. Sikiliza anayetaka kusema, na usimlazimishe kusimulia asiyetaka. Muunganishe na ndugu zake na huduma anayohitaji. Kwa duka, hii ina maana ya kufunga siku hiyo, kumsindikiza kila mmoja mpaka nyumbani, kwenda naye polisi anapotoa maelezo, na kutomuuliza mtu usiku ule ule ni fedha kiasi gani zimechukuliwa. Ndoto mbaya na kushtuka huwapata wengi siku za mwanzo, na kwa kawaida hupungua. Zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, aende hospitali.

Hatua ya sita: andaa njia ya rufaa

Andika karatasi moja, ibandike ndani ya mlango wa choo ambako mtu anaweza kuisoma bila kutazamwa. Iwe na jina la kliniki ya karibu, siku zake, mahali pa kuingilia, na nauli ya kwenda. Piga simu au nenda mwenyewe kuthibitisha siku hizo, usiandike ulichosikia. Wafanyakazi wajue kwamba likizo ya ugonjwa, ambayo kisheria ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, inahusu pia ugonjwa wa akili, mradi kuna cheti cha daktari.

Mfanyakazi akisema kwamba amechoka kuishi, au kwamba ni afadhali asingekuwepo, msimamizi amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi mtu wazo, bali humpa nafasi ya kulitoa. Kisha asimwache peke yake, amwite ndugu anayemtaja yeye mwenyewe, na wampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kama duka ni la pembejeo au dawa, funguo za kabati zishikwe na mtu mwingine tangu dakika hiyo, bila kutangaza sababu.

Hatua ya saba: fuatilia, na mpokee anayerudi

Baada ya miezi mitatu, rudia yale maswali matano na linganisha. Angalia pia idadi ya shoti, siku za utoro, na watu walioacha kazi. Usihesabu ni wangapi wamekwenda kliniki, maana hiyo si hesabu yako.

Anayerudi kutoka likizo ya ugonjwa ndiye atakayekuonyesha kama mafunzo yameshika. Zungumza naye kabla ya siku ya kuanza, na mkubaliane wenzake waambiwe nini. Kwa kawaida "alikuwa anaumwa, amerudi" inatosha. Wiki ya kwanza asiwekwe kwenye droo ya fedha wala zamu ya kufunga, na aje saa tatu asubuhi ikiwa dawa zinamlemea usingizi. Keshia mmoja aliporudi baada ya wiki tano, wenzake walikuwa wamejipanga kumpokea kwa hotuba, msimamizi akawazuia. Dada alipoingia, akamkuta msimamizi ameinama juu ya viroba, naye hata hakuinua kichwa sana: "Karibu dada. Mzigo wa sukari umeingia jana, njoo unisaidie kuhesabu."